Kitofali cha Januari

Jumanne, 4 Machi
Makaa ya mawe yamebaki ya siku mbili. Meli haijulikani iko wapi. Kisiwa kizima ni jiwe la chokaa, lakini moto wa kulichoma mpaka uvuke bahari! Tanuri leo vuguvugu tu. Saruji imetoka kama mkate ulioepuliwa mbichi. Meneja anasema ndiyo hiyo hiyo ya gati jipya. Nimemimina vitofali sita vya majaribio. Vikishika vinaingia kwenye pipa la maji, siku ishirini na nane, ndipo niviponde nione nguvu.

Pipani kimebaki kimoja cha Januari, cha moto mzuri. Alama yake imefutika. Ni mimi tu ninayekijua.

Jumapili, 9 Machi
Mtandao umepatikana dakika nne — Mama! Nyonga bado inamsumbua. Nikamweleza kwamba bila gati abiria hushushwa kwa kamba. Akasema yeye si gunia la mbolea, nijenge kwanza ndipo aje. Tumecheka! Simu ikakatika yeye bado anacheka. Nimekula, nikaosha sahani moja.

Jumanne, 11 Machi
Nimeponda kitofali kimoja mapema, siku ya saba; kimepasuka upesi mno. Sikumwambia mtu. Nimwambie nani?

Alhamisi, 20 Machi
Nimemtandikia Mama kitanda. Mapema, najua. Kisha nikakikalia mpaka giza likaingia. Upweke umenichosha. Basi, nimesema.

Jumanne, 1 Aprili
Leo ndiyo leo. Nguvu inayotakiwa ni thelathini. Cha kwanza, kumi na tisa. Cha pili, kumi na nane. Cha tatu, kumi na tisa tena.

Meneja yuko mlangoni. Eti mafundi wa gati wanangoja cheti changu cha nguvu ya saruji, eti dada nakawia nini, saruji ni saruji. Nikikataa, hakuna gati mpaka mwakani. Nikikubali, nguzo zitasimama kwa kumi na tisa, na Mama atapita juu yake na mkongojo wake, pole pole, mzito wangu yule.

Ujumbe wake umeingia asubuhi. Ameshafunga sanduku. Anauliza kama kitanda kiko karibu na dirisha.

Kiko karibu na dirisha.

Nimekitoa cha Januari pipani. Nilinganishe tu. Nimekipangusa kwa kanga yangu, nimekiweka kwenye mashine. Meneja anagonga. Nilinganishe tu —