Kanzu ya Ijumaa

Baba Mwanamisi, mume wangu,

Salamu zikufikie, uwe juu ya ardhi au chini yake.

Unaikumbuka asubuhi ile makachero wawili walipokutoa dukani kwako hapa Msambweni, gurudumu la cherehani likizunguka bado? Bendera mpya ilikuwa haijafikisha hata mwaka. Ulinigeukia ukasema, "Mama Mwanamisi, kanzu yangu ya Ijumaa usiisahau." Basi sikuisahau. Kila Alhamisi niliifua, nikaitia buluu, nikaianika kambani uani, maana aliye hai hurudi akataka nguo safi.

Mwaka wa tatu ikaja kamati ya wabunge kusikiliza wanaowalalamikia makachero. Nilikwenda skulini walikokaa, nikawaambia sitaki radhi ya mtu. Nataka neno moja tu: u hai au umekufa? Kama umekufa, nikae eda kama wajane wenzangu, nikusomee hitima, nilie nimalize. Kadhi naye alikuwa akilingoja neno hilo ndipo aniruhusu eda.

Mwenyekiti akafungua faili lako. Akasoma, akarudia.

"Bibi, humu imeandikwa mumeo yupo nyumbani. Kila wiki, hadi juzi."

"Nani kamwona?"

"Imeandikwa: kanzu imeanikwa. Yupo."

Miaka mitatu mtu ananitazamia kamba yangu, nami simjui! Na ni mimi niliyewapa ushahidi kwamba hukuchukuliwa. Nilicheka mbele ya wabunge wale, mume wangu, cheko baya. Wakasema watachunguza. Wachunguze nini, na jina la aliyeandika wenyewe wamekatazwa kuliuliza?

Alhamisi hii sikuianika. Niliikunja, nikaitia sandukuni pamoja na asumini. Baada ya alasiri nikasikia hodi. Mwanamume nadhifu, mwavuli mkononi, sijapata kumwona maishani.

"Shikamoo mama. Mzee leo hayupo?"

Nilisimama katikati ya mlango.

"Hayupo. Andika hivyo hivyo. Na uandike tangu lini."

Akachungulia uani, akaiona kamba tupu, akaenda zake bila kuaga.

Nimeingia edani tangu jana, Kadhi apende asipende. Nakupenda bado, na nimechoka. Ukirudi, piga hodi kwa sauti yako niijuayo, unisamehe. Mwingine simfungulii tena.

Mkeo,
Mama Mwanamisi