Aliyetoka Mbali Huanza

Kengele za ng'ombe bado zinalia kichwani mwangu, mjukuu wangu Neema. Marahaba, kutoka kwa bibi yako wa ukoo, si wa umri. Hapa Mlali hatujambo; mama yako amevuna uwele.

Umeuliza ushirika wetu wa vijiji vinavyohifadhi vilima unachaguaje kipi kitangulie. Mimi niliandika miti kwanza kwenye mpango wetu, nikazungushia bonde kamba ili tuipande humo. Siku ya kikao cha ushirika ng'ombe wa mfugaji mmoja, Mzee Malogo, walikwama hapo wakilia kwa kiu, na kisima cha mchangani kiko ng'ambo ya kamba.

“Binti msomi,” akaniuliza, “kisimani kwetu huanza nani kunywesha?”

“Aliyetoka mbali.”

“Hawa wamelala njiani mara mbili.”

Jana nilikata kamba mwenyewe, nikaandika upya: njia ya mifugo kwanza, miti isubiri zamu yake.