Mupira mu Figo ya Baba Neema

Mu muji wa Baraka, siku ya ine

Sasa nitamuambia nini Mama Riziki?

Miezi ine alikuwa anatuletea samaki pa mulango. Nilikuwa nasema aksanti, kisha napatia imbwa. Bwana yangu, Baba Neema, alikuwa anawaka homa, anatetemeka, anakojoa damu, na mi nilikuwa na hakika: ni karuho, ile sumu ya polepole, na huyu jirani ndiye aliiweka. Imbwa yenyewe ilinenepa. Sikujiuliza.

Nilimupeleka hata kwa mzee wa dawa ya kutapisha. Akatapika siku mbili, homa ikabaki.

Leo ku hospitali muganga alimuangalia mu ekografi, ile mashini ya kuona ndani ya tumbo, akaniuliza: «Mama, bwana yako walimupasua juu ya mawe ya figo?»

Nikasema ndiyo, kule Bukavu, mwaka jana.

«Waliwekamo kamupira ka kupitisha mukojo. Kalipashwa kutoka kisha wiki sita. Kangali mule, na ndiko kanaleta microbe za ile homa. Hamukupewa karatasi?»

Karatasi! Ilikuwa ya Kifaransa, na muhuri. Nikaona ni kitu ya maana, nikaifungia mu Biblia. Hakuna mutu aliisoma.

Watakatosha kale kamupira inje kesho. Muganga anasema figo moja pengine imeisha kufa. Naogopa.

Magaribi Mama Riziki alifika ku hospitali na sahani yake ya samaki. Nilimukumbatia, nikalia sana. Halafu, saa alitoka kuchota maji, niliinama nikanusa ule samaki.