Bibi, Baba Mdogo Anameza Dawa

Bibi,

Shikamoo. Nimestaafu ualimu, nina wajukuu wangu mwenyewe, na bado siwezi kuanza kuzungumza nawe bila salamu hiyo. Ungekuwepo ungeitikia, kisha ungeniuliza, "Mke mwenzangu, umekula?" Kwa kuwa mimi ni mjukuu wako wa kike, ulidai Babu alikuwa mume wetu sote wawili, na wewe kama mke mkubwa ulikuwa na haki ya kunituma maji.

Nakuandikia kwa sababu ya mwanao wa mwisho. Mwaka jana tulipokuzika hapa Nyambureti, Baba mdogo alishindwa kutupia udongo kaburini kwa kukohoa. Miaka yote ile ya kuchimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule Kerende, ilikuwa imemkalia kifuani. Nikampeleka zahanati, ile ile ulikofanya kazi ya uuguzi, wakamkuta na kifua kikuu. Dawa kila asubuhi, miezi sita. Nikakubali kuwa msimamizi wake.

Unanijua. Nilimweleza. Nilichora vijidudu kwenye daftari, nikaeleza kwa nini dawa ikikatwa njiani vinavyobaki huwa sugu, nikamuuliza maswali kama darasa la tano. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, ukimaliza, mimi nina mihogo ya kuchimba." Nilirudi nyumbani nimeridhika. Baada ya hapo nikawa namuulizia kwa simu, naye anajibu kwamba amemeza.

Mwezi wa tatu wa dawa nikaenda kwake, nikakuta vidonge vya siku kumi na moja havijaguswa. Alikuwa amenenepa, kwa maoni yake amepona. Bibi, niliogopa. Nimekuzika wewe, nilimwona na yeye anakufuata. Nikafungua mdomo nianze somo upya, na hapo nikamkumbuka Mzee Marwa.

Ulikuwa nesi wa watu wasio na saa, kwa hiyo ulipanga dawa kwa mwendo wa ng'ombe: kidonge wakitoka zizini, kidonge wakirudi. Kila mtu alielewa. Kisha ukaja ugonjwa wa miguu na midomo, serikali ikaweka karantini, mifugo ikabaki zizini ikiletewa majani. Mzee Marwa akaletwa kwako akiwa na hali mbaya, dawa zote ziko mfukoni. "Nesi," alikwambia, "ng'ombe hawajatoka."

Zahanati nzima ilicheka. Wewe hukucheka. Ulikaa kando yake kwenye benchi ukamwambia, "Kosa ni langu, mzee. Nimewaachia ng'ombe kazi yangu." Tangu siku hiyo, mimi nikienda shule na wewe kazini, tulipitia kwake kwanza. Ulisimama mlangoni hadi ameze, mpaka dawa zikaisha. Nilinung'unika sana, maana nilikuwa nachelewa mstarini na kuchapwa. Leo nakushukuru hata kwa viboko vile.

Basi nikakaa chini, nikamwambia Baba mdogo kwamba kosa ni langu, kwamba nilimfundisha nikaondoka. Alinisogezea kikombe cha uji. Kisha akasema, "Kama utakuwa unakuja, njoo na sukari."

Zahanati walimpokea bila kumsema vibaya, wakampangia dawa upya. Sasa naenda kila asubuhi. Anameza, halafu tunangoja kidogo kabla ya uji, na katika kungoja huko ananisimulia habari zako ambazo sikuwa nazo. Kwamba yeye ulimzaa ukiwa zamu, kwenye kitanda ulichokuwa umemtandikia mama mwingine. Kwamba uliwaimbia wenye uchungu nyimbo za kanisani, na kwamba... Bibi, kumbe hukujua kuimba. Nilidhani hivyo ndivyo zinavyoimbwa. Asante kwa kuniachia mtu wa kucheka na kulia nami.

Jana majibu ya makohozi yake yalitoka: safi. Miezi miwili imebaki. Amefurahi, ameniambia sasa nipumzishe miguu, yeye ni mtu mzima. Nimemwambia hapana. Nitakwenda hadi kidonge cha mwisho, mvua inyeshe, anifungie mlango, vyovyote.

Pumzika, Bibi, na usimhangaikie mwanao. Kesho nitamkuta kabla hajawasha moto.

Mjukuu wako