Kuku wa Mama Mkwe na Jogoo wa Sadaka

Jumanne, Julai. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na banda langu limenyamaza.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa kushuku. Nikisalimiwa kwa uchangamfu sana najiuliza huyu anataka nini. Niliolewa huku Malindi ya milimani Lushoto kutoka Muheza, na miaka yote hii nimeamini kwamba mama mkwe hajawahi kunipenda. Kwa hiyo wiki mbili zilizopita, alipopanda kilima na tetea mweusi kwapani, akasema ni zawadi yangu, sikufurahi. Nilimtazama kuku, nikamtazama mama, kisha nikamtazama tena kuku.

Kwa nini leo?

Kila mfugaji anajua kwamba kuku mgeni hachanganywi na wenyeji. Anakaa peke yake wiki mbili hivi, na chombo chake cha maji, na anahudumiwa wa mwisho. Anaweza kuonekana mzima kumbe amebeba mdondo, ule ugonjwa unaofagia banda zima. Basi nikamfunika kwa tenga nyuma ya jiko. Mama akasema amemchanja mwenyewe, matone ya jichoni, pamoja na kuku wake wote. Nikaitikia ndiyo mama, na tenga sikuliondoa. Aliondoka bila kumaliza chai.

Jumapili ya wiki hiyohiyo, baada ya ibada, tulisimama nje ya kanisa kwenye mnada wa sadaka kama kawaida. Kulikuwa na kabichi, karoti, mayai, na jogoo mmoja mwekundu wa kupendeza. Nilishindana na mwalimu wa kwaya mpaka akakata tamaa. Jioni jogoo alikuwa bandani na matetea yangu.

Sikuuliza katoka kwa nani. Sikumtazama macho wala kinyesi. Kuku aliyetoka mkononi mwa mama mkwe nilimfungia, na kuku aliyepita madhabahuni nikamfungulia mlango mwenyewe. Tena chanjo ya safari hii ilinipita. Chupa moja tunaichangia majirani, na siku waliyochanja mimi nilikuwa Lushoto mjini. Nikasema nitachanja safari nyingine.

Jogoo ndiye aliyeanza. Alijikunyata, mabawa yakalegea, kinyesi kikawa cha kijani. Na mimi nilifanya nini? Nilikwenda mbio nyuma ya jiko kumkagua tetea mweusi, na viatu vilevile vya bandani. Nilimfungua mdomo, nikanusa maji yake. Alikuwa mzima, akanidonoa kidole.

Hata matetea walipoanza kupinda shingo na kuanguka, nilimwambia mume wangu kwamba mama yake ndiye aliyetuletea ugonjwa. Yeye alichimba shimo refu, akawazika, akawamwagia chokaa.

Leo mama amekuja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, na nikajua ameshaambiwa yote. Bandani hakuingia. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akainua tenga, akamtazama kuku wake, mzima, amelalia yai.

"Sasa, Mama Neema, unamshuku nani?"

Nilitamani ukungu ule unifunike. Nilimweleza habari za jogoo, nikamwomba radhi. Tetea wake angekufa kwa viatu vyangu mimi, na kilichomwokoa ni ile chanjo ambayo sikuamini kwamba amempa. Mama alinisikiliza, akasema nisimtoe pale, banda lisafishwe na lipumzike kwanza. Safari hii alimaliza chai.

Ningetulia hapo. Lakini tangu aondoke namwaza mtu mwingine, yule aliyemtoa jogoo. Alijua? Alimwona anazubaa, akaona bora amtoe sadaka kuliko kumzika? Nimewapitisha kichwani washarika wote, benchi kwa benchi, na hasira imenipanda.

Kwa hasira hiyohiyo nikaenda kuwalisha matetea wawili waliobaki. Bado wamesimama, bado wanakula. Ukiwatazama haraka huoni kitu. Nikajikuta nawaza kwamba Jumapili haiko mbali, na kwamba hawa wangefaa sana sadaka kabla hawajaanza kulegea.

Mimi huyu.

Hawatoki hapa. Hawauzwi, hawagawiwi. Watapona hapa au watafia hapa. Jumapili nitakwenda kanisani mikono mitupu, na kabla mnada haujaanza nitawaambia wote kwamba mdondo umeingia kwangu, aliyenunua kuku amtenge.

Na nikimwona mtu anayakwepa macho yangu, nitakuwa na uso wa kumuuliza?