Bunduki ya Mdomo Mpana

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, shemeji naye mgongo uwe umepoa, na wale wanao, wajomba zangu wawili, wawe wamebakiza angalau kiti kimoja ambacho hawajakivunja. Sisi huku hatujambo. Mimi nina jeraha dogo la bati kwenye kidole gumba, mambo ya kawaida kwa fundi bodi. Mama ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza hata sentensi moja, na hili nataka ulisikie lote.

Nimepata ujumbe wako kwamba chumba cha mama kiko tayari, mapazia umeshatundika, na mwisho wa mwezi utakuja na gari lako jekundu kumchukua akapumzike. Ukaniagiza nianze kumfungia mizigo. Nilianza, dada, sikukaidi. Lile sanduku kubwa nililishusha juu ya kabati, nikalifuta vumbi, nikamwekea mashuka na sweta zake. Yeye mwenyewe alikuwa anakunja nguo kimya kimya, bila kuuliza anaenda kukaa muda gani. Ule ukimya nilidhani ni kukubali.

Sasa sikiliza kilichotokea gereji. Unajua tangu baba atutoke mimi nagonga na kunyoosha, lakini kupiga rangi huwa nakodi fundi. Fundi wangu akaingia mitini siku ambayo mzee wa mikate ameleta gari lake la kusambazia, limekwaruzwa ubavu mzima. Nikajiambia kwani rangi kitu gani. Nikanyoosha, nikaziba mabonde kwa puti, kisha nikachukua bunduki ya baba ya kupulizia rangi, ile inayong'aa aliyokuwa akiifuta kama miwani, nikamimina praima, ile rangi ya kijivu inayotangulia kulifunika bati.

Praima ikagoma. Bunduki ikawa inakohoa na kutema matone. Nikaona isiwe taabu, nikaongeza thina, nikaongeza tena, mpaka ikawa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Hapo ikatoka vizuri ajabu, nami nikajipongeza. Nikapiga msasa, nikapiga rangi nyeupe, mzee wa mikate akaondoka anatabasamu. Wiki haikuisha akarudi bila lile tabasamu. Mikwaruzo ya msasa ilikuwa imejitokeza chini ya rangi, ubavu mzima, kana kwamba paka amelala pale na kucha zake. Mzee hakufoka. Alisema taratibu kwamba ana magari mengine matatu yanayosubiri rangi, na kama mara ya pili itakuwa hivi, yote atayapeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Dada, afadhali angefoka.

Mama alikuwa dirishani na sweta mkononi, kumbe amesikia yote. Akatoka na kandambili zake, akaupapasa ule ubavu kwa viganja bila hata kuutazama, kisha akaniuliza nimetumia bunduki ipi. Nikamwonyesha ile inayong'aa. Mama alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akaniambia nimetaka kupitisha asali kwenye chujio la chai, asali ilipokataa nikaitia maji, na sasa nashangaa kwa nini si tamu.

Alienda moja kwa moja kwenye sanduku la chuma la baba, akaingiza mkono hadi chini kabisa, akatoa bunduki nyingine iliyofungwa kwenye fulana kuukuu. Unaikumbuka? Ile mbaya yenye makovu, ambayo sisi tulidhani imekufa. Akanionyesha namba iliyogongwa mdomoni: moja nukta nane. Kwenye ile ya kung'aa ni moja nukta tatu. Alisema ule mdomo mwembamba ni wa rangi ya juu, inayotaka kutoka kama ukungu. Praima ni nzito kwa sababu kazi yake ni kujaza, kwa hiyo inataka mdomo mpana ipite na uzito wake. Ukiilazimisha kwenye tundu dogo kwa kuizidishia thina, ile thina inaruka, praima inanywea, na kila kovu lililokuwa chini linakuja juu kukusalimia. Akasoma maandishi ya kwenye kopo, akachanganya kama yanavyotaka, wala hakuongeza tone.

Mimi nikausugua upya ule ubavu wote kwa msasa, nikadhani tunaanza. Wapi! Alifungua koki ya chini ya kompresa, ile mashine ya kujaza hewa, maji yakatoka, akaniuliza kama nilikuwa nafuga samaki humo ndani. Halafu presha. Mimi niliiweka huku bunduki imelala mezani. Mama akanikabidhi bunduki, akaniamuru nivute kifyatulio na nisikiachie, naye akazungusha kishikizo huku anaitazama geji, kwa sababu hewa ikianza kutembea kwenye mpira mrefu presha inashuka, na ile inayosomeka mpira umepumzika inakudanganya. Kisha akabandika boksi ukutani, akapuliza mara moja. Alama ikatoka nene katikati, nyembamba miguuni. Akaongeza hewa kidogo, akapunguza praima kidogo, akapuliza tena pembeni yake. Alirudia mpaka alama ikawa yai refu lililosawazika kuanzia juu hadi chini. Ndipo akafunga kitambaa kichwani, akavaa barakoa yenye vichujio viwili, akaniambia niwashe feni la kutolea hewa. Mpaka feni lilipounguruma, hakugusa gari.

Dada, sijui niandike vipi nilichokiona baada ya hapo. Wewe unamjua mama anavyotembea siku hizi, anashikilia ukuta, anaugulia magoti. Yule aliyepita mbele yangu na bunduki hakuwa na magoti. Mkono ulikwenda sambamba na bati tangu taa ya mbele hadi ya nyuma, haukupinda, haukusita, na mwili mzima ulikwenda nao. Alipiga koti la kwanza, yaani tabaka la praima, akakaa akisubiri mng'ao ufifie, mimi nikiwa nahangaika kama mwenye choo cha mbali. Nikamhimiza, akaninyamazisha kwa kidole. Alipiga la pili, akasubiri tena, kisha la tatu. Lilipokauka nikapitisha kiganja changu chote na sikukuta pa kusimama. Nimeshika mabati tangu nina meno ya utoto, na sijawahi kushika kitu kama kile.

Gari likapigwa rangi, nalo tumelikalisha wiki mbili juani na kivulini kulijaribu. Halina hata mkwaruzo mmoja. Mzee wa mikate ameleta yale mengine yote matatu, na amewaleta majirani zake kuja kuangalia tu.

Lakini si kwa ajili ya mzee wa mikate nimeandika. Jioni ya siku ile aliyopuliza nilimwuliza mama amejifunzia wapi, maana mtu hashiki bunduki vile kwa kuchungulia dirishani. Alisugua kucha zake kwa thina muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba macho ya baba yalianza kufifia kabla mimi sijaanza shule. Baba alimfundisha yeye, na tangu hapo mkono uliopuliza ulikuwa wake. Baba alikuwa anashika mpira usiguse gari, anasikiliza sauti ya bunduki, na kumwambia kama presha imeshuka. Kumbuka ule mlango wa chumba cha rangi tuliokatazwa kuufungua kwa sababu ya vumbi. Kumbuka mama alivyonukia thina mezani, nasi tukidhani ni kwa sababu ya kufua ovaroli za baba. Nikamwuliza kwa nini walificha. Akasema baba alitaka kusema, yeye ndiye aliyekataa, kwa sababu wenye magari wangekimbia wakisikia mpiga rangi haoni na anayepaka ni mkewe, na sisi tulikuwa bado wadogo.

Kwa hiyo, dada, ule mkono wa baba tunaousifu kila tukikutana ni mkono wa mama. Hata gari lako jekundu. Najua wewe unaliita kazi ya mwisho ya baba, hutaki kuliuza wala kulipaka upya, na kila ukisafiri hugusa ule mchirizi mdogo wa rangi chini ya kitasa cha mlango wa dereva, unaosema ni saini yake. Nilipomweleza mama hivyo, alicheka huku anafuta macho. Alisema wakati anapitisha bunduki pale, baba alimwambia kwamba utaliendesha gari hilo polepole mpaka kuku watakupita. Mama akacheka, mkono ukasimama, rangi ikajaa ikachirizika. Baba hakuuona. Mama alimshika kidole akakipeleka pale. Baba aliugusa, akakituliza kidole juu yake, akamwomba asiuondoe.

Naogopa utasoma hapa na kuwaza kifua chake. Barakoa ni mpya, feni linafanya kazi, na nimemwekea kikomo: praima na rangi ni vyake, kusugua msasa ni kwangu. Chumba chako hajakikataa. Anasema atakuja kukaa kwako na wajukuu mpaka achoke na kelele zao, kisha arudi kazini. Asubuhi hii nimelikuta lile sanduku limerudi juu ya kabati, na sweta zake ziko msumarini. Sikumwuliza, na nakuomba na wewe usimwulize.

Njoo mwisho wa mwezi kama ulivyopanga, dada, na uje na gari jekundu. Mama anadai ule mchirizi unamtia aibu ya ufundi, na anataka kuusawazisha kwa mkono wake. Nimemwambia asithubutu mpaka ufike, mkaushike pamoja kwanza.

Msalimie shemeji, wabusu wajomba, na uendeshe hivyo hivyo polepole.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Nyundo