Shemeji na Venia Yake

Jumamosi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, mchana jua likawaka kama halijasikia habari za mvua. Ziwa limetulia. Mimi sijatulia hata kidogo.

Nina wivu. Bora niuseme hapa kuliko kuusema mezani kwangu.

Mama yangu ana mashine ya kusaga kule Kisesa, ndiyo inayomlisha tangu baba afariki. Wiki iliyopita shafti yake ilianza kucheza, maana bushi, ile pete ya shaba inayoshika shafti, imelika. Lazima ichongwe nyingine, na fundi wa kuchonga hataki makadirio, anataka kipimo. Mashine ya mama nimeitengeneza mimi miaka yote. Mimi ni mwalimu wa jiografia, lakini nyuma ya nyumba yangu hapa Buzuruga nina kibanda cha kugongagonga vitu, na ukoo mzima unajua. Safari hii mama hakunipigia. Alimpigia Masatu.

Masatu ni mume wa dada yangu. Anatengeneza injini za boti. Alifika na venia ya kidijitali, kile kipimo cha chuma chenye midomo miwili, akabana shafti, namba zikatokea kwenye kioo, dada akapiga picha na kuirusha kwenye kundi la familia. Shangazi wote wakampongeza. Na mimi nikaweka kidole gumba, kwa shingo upande kabisa.

Basi leo nimeingia mjini kununua venia inayoipita ya Masatu.

Muuzaji alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani. Nikamwambia nataka ya kidijitali, iliyo kubwa kuliko zote, na mikromita juu yake, ile ya kupimia vitu vyembamba zaidi. Akaniuliza napima nini na mara ngapi. Nikajikuta natafuta uongo. Ukweli ni kwamba mwaka huu nimepima ekseli ya baiskeli na bomba la pampu ya jirani, basi. Akasema hizi za kidijitali za bei ya chini zinakula betri hata zikiwa zimezimwa. Anayepima kila siku haoni shida, ila mtu wa mara mojamoja atafungua boksi na kukuta kioo cheusi. Mikromita akasema niiache, ile ndogo haipiti hata milimita ishirini na tano, na ikidondoka imekwenda.

Nilibisha. Akatoa beringi mpya kwenye karatasi yake, tundu lake linajulikana ni milimita ishirini kamili, akanipa nijaribu mwenyewe. Ya kidijitali, ile niliyoiweza kwa bei, kila nikipima ilinipa jibu jingine. Ya chuma ya kawaida, yenye mistari tu, ilisoma ishirini, ikarudia ishirini. Nikaifunga midomo nikaielekeza dirishani; hakuna mwanga uliopita katikati, na sifuri imekaa juu ya sifuri. Ilikuwa nzuri na bei yake naiweza. Nikaichukua kwa hasira, kwa sababu haina kioo cha kupigwa picha.

Nyumbani nilikaa mlangoni nakodolea ile mistari, najifunza kuisoma upya. Mke wangu akasimama, akanitazama weee.

"Baba Neema, hapo unapima kwa jicho au kwa kijicho?"

Nikabeba venia yangu nikaenda Kisesa.

Njia nzima niliomba kitu kimoja: Masatu awe amekosea. Sikujali kwamba akikosea bushi itabana, mashine itazidi kusimama, na wateja wa mama watazoea mashine ya jirani. Nilitaka tu akosee. Nimeandika, limebaki hapo.

Nikamwamkia mama, nikafuta grisi kwenye shafti, nikapima mwanzo, katikati na mwisho, maana shafti hailiki sawasawa. Masatu alipata ishirini na nne nukta tisa sita. Mimi nilipata ishirini na nne nukta tisa tano, na mistari ya venia yangu haiwezi kuonyesha tofauti ndogo kama hiyo. Kwa maneno mengine jamaa alikuwa sahihi. Hata zile sehemu tatu alikuwa amezipima, akaziwekea alama ya chaki.

Nikampigia fundi, ambaye karakana yake iko hapa Buzuruga, nikamwambia kipimo cha shemeji ndicho. Yalinitoka kwa shida. Akasema bushi itakuwa tayari Jumatatu.

Ndipo nikashindwa kujizuia, nikamuuliza mama kwa nini alimwita Masatu. Nikamwambia kama tatizo ni kipimo, sasa ninacho. Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.

"Kipimo chako sina habari nacho. Masatu ni mkwe, mkwe nikimwomba kitu hawezi kuniambia kesho. Wewe ni mwanangu, wewe unaweza."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniingia.

Kwetu ni kweli, mkwe akiitwa na mama mkwe anaacha kijiko mezani. Lakini na mimi nilitafuta kichwani siku moja mama aliponiita nikaenda siku hiyohiyo, sikuipata. Leo nilienda, na leo hakuniita.

Nilipoaga akaniuliza hiyo bushi ya Jumatatu nitamletea lini. Nikafungua mdomo, na neno lililokuja kwanza lilikuwa ileile kesho: kesho yake. Nikalimeza. Nikasema Jumatatu, nikitoka shule, moja kwa moja. Mama akaitikia tu, akarudi kwenye ungo wake.

Nitakwenda. Nimeweka venia juu ya kabati na nitakwenda.

Ila najua kabisa, nikifika jioni hiyo na bushi mkononi, kama kazi hii angepewa Masatu, saa hiyo angekuwa ameshafunga mashine na kuondoka.